Uza kilomita moja moja: jinsi ya kukimbia marathoni ya kuchangia mbwa wa kuongoza wasioona

Kama unasoma hii basi kichaa kimeshakuingia, na sikulaumu, na mimi kiliniingia hivyo hivyo, mtu hujawahi kukimbia zaidi ya kilomita 8 maishani halafu ghafla unajikuta umejisajili kukimbia kilomita 42 na mita 195, tena sio kwa ajili yako, kwa ajili ya mbwa. Ndio, mbwa. Wale wanaowaongoza watu wasioona. Nyumbani nilichekwa mpaka basi, ila nilimaliza na hela zikapatikana, kwahiyo naandika nilivyofanya pamoja na nilipoharibu.

Kabla ya yote elewa hapa kuna mbio mbili, za miguu na za hela, na za hela ndio zinaanza mapema. Wengi tunafanya kinyume, tunahangaika na raba miezi minne halafu wiki ya mwisho ndio tunakumbuka kuomba, tunaanza kusumbua watu usiku wa manane na malinki.

Hatua ya 1: Ujue hela inaenda kufanya nini

Usimwombe mtu hata senti kabla hujaweza kueleza kwa mdomo wako hela yake inaenda wapi, maana swali la kwanza utakaloulizwa ni "kwani mbwa ana gharama gani, si anakula makombo?" Kuwa na jibu. Mbwa mwongozaji anatengenezwa kwa karibu miaka miwili. Anazaliwa, wengi ni wa aina ya labrado au golden retriva au mchanganyiko wa hao wawili, akifika kama wiki 8 anapelekwa kwa familia ya kujitolea inayomzoesha maisha, ngazi, lifti, mabasi, kelele, watoto, paka wa jirani. Baada ya mwaka hivi anarudi shuleni, mwalimu anamfundisha kwa miezi, halafu anatafutiwa mtu anayeendana naye kwa mwendo na aina ya maisha, na wao wawili wanafundishwa pamoja wiki kadhaa. Na sio wote wanafaulu, kuna wanaorudishwa wakawa mbwa wa nyumbani tu. Anayefaulu anafanya kazi mpaka ana miaka 8 hadi 10 hivi ndio anastaafu. Sasa piga hesabu ya chakula, daktari wa wanyama na mishahara ya walimu, na mwenye kupewa mbwa mara nyingi anapewa bure au kwa hela ya kiishara tu. Hapo ndio mchango unapoingia.

Kitu ambacho hata mimi sikukijua: mbwa hasomi taa za barabarani, na hana ramani kichwani. Anayejua njia ni mtu. Mtu ndiye anasikiliza magari, anaamua sasa tuvuke, anatoa amri, na kazi ya mbwa ni kumpitisha salama na kugoma kama amri yenyewe ni ya kifo.

Nililielewa hili siku nilipoenda kutembelea shule ya hao mbwa, wakanifunga kitambaa machoni, wakanishikisha ule mpini mgumu unaotokea kwenye mikanda ya mgongoni mwa mbwa. Tukatembea vizuri tu, nikaanza kujiona mtaalamu. Ghafla akasimama. Nikasema mbele. Hakusogea. Nikasema tena kwa sauti ya mwenye nyumba, mbele, akajibana kabisa mguuni kwangu kama anazuia mlango. Mwalimu akaniambia nyoosha mkono, nikanyoosha, nikagusa boriti imelazwa usawa wa paji la uso wangu. Yule mbwa mwenyewe angepita chini yake bila hata kuinama. Yaani alikuwa anapima urefu wangu, sio wake. Hiyo stori moja ndio imeniletea michango mingi kuliko kila nilichowahi kuandika, kwahiyo kama shirika unalolichangia linaruhusu kutembelewa, nenda, tafuta stori yako mwenyewe.

Na ukikutana na mbwa aliyevaa ile mikanda usimshike wala kumwita wala kumpa kitu cha kutafuna, yuko kazini. Nalisema hapa kwasababu ukishaanza kuchangisha utakuwa unaalikwa sehemu zenye hao mbwa na mkono utawasha.

Ukitaka historia kidogo ya kunogesha posti zako: shule ya kwanza ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya wanajeshi waliopoteza macho vitani. Marekani wakafuata 1929, na Uingereza mbwa wanne wa kwanza walianza kazi 1931, waliitwa Judy, Flash, Folly na Meta. Sijui ni kwanini ila watu wanapenda sana majina ya mbwa, weka majina.

Hatua ya 2: Pata nafasi, na usome masharti

Njia ni mbili. Ya kwanza unapewa nafasi na shirika lenyewe, mashindano mengi makubwa yanayagawia mashirika nafasi, na wewe unaahidi kuleta kiasi fulani. Ya pili unapata nafasi yako mwenyewe kwa kura au kwa kulipa, halafu unachangisha kiasi chochote utakachoweza.

Ya kwanza inavutia ila soma masharti mpaka mwisho. Usipofikisha kiasi inakuwaje, unalipa mwenyewe au hapana? Hela inatakiwa lini, kabla ya mbio au baada? Ukiumia je, nafasi inahamia mwaka ujao? Mimi sikusoma, nikaja kugundua nusu ya hela ilitakiwa wiki nane kabla ya mbio, nikalala macho siku tatu. Kwa mtu wa mara ya kwanza mwenye marafiki wa kawaida kama mimi nashauri ya pili.

Vyovyote vile, liandikie shirika kwanza uwaambie unachotaka kufanya na uombe ruhusa ya kutumia jina lao. Wengi watakupa fulana, barua ya utambulisho, picha, na mtu wa kumuuliza maswali. Na gharama zako, usajili, raba, nauli, kulala, lipa kutoka mfukoni kwako, usiziguse za mchango hata kama ni za kukopa mpaka kesho. Watu watauliza. Ukiweza kusema "kila kilichoingia kimeenda kwa mbwa" umemaliza maneno.

Hatua ya 3: Uza kilomita

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo penye utamu.

Mara ya kwanza nilifanya wanachofanya wote. Nikaandika ujumbe mmoja mrefu, "ndugu, jamaa na marafiki, naomba mniunge mkono", nikautupa kwenye magrupu saba ya WhatsApp. Unajua nilipata nini? Vidole gumba. Vidole gumba 31 na mchango mmoja, na huo mmoja ni wa dada yangu. Ujumbe wa watu wote ni wa hakuna mtu, kila mmoja anaona wapo wengine watatoa.

Nikabadilisha. Nikachukua daftari nikaandika 1 mpaka 42 kwenda chini, nikagawa lengo langu kwa 42, nikapata bei ya kilomita moja. Halafu nikaanza kuuza kwa mtu mmoja mmoja, kwa jina lake. Ujumbe ulikuwa kama hivi:

"Shikamoo mama mdogo. Nakimbia marathoni mwezi wa kumi kuchangia mbwa wa kuongoza watu wasioona. Nauza kilomita, kila mtu na ya kwake, nitaandika jina lako kwenye mkono na ukifika wakati wa kilomita yako nitakuwa nakukumbuka wewe tu. Zilizobaki ni ya 9, ya 17 na ya 34. Unachukua ipi?"

Ona lile swali la mwisho. Humuulizi kama atatoa, unamuuliza anachukua ipi. Mama mdogo akajibu ndani ya dakika mbili, "34, hiyo si ndio mnachoka?" Akalipa na ya 9 kwa ajili ya marehemu mume wake. Sikutegemea.

Mambo niliyojifunza kwenye kuuza:

Anza na watu watano wa karibu kabisa ambao una uhakika watatoa vizuri, kabla hujatangaza popote. Anayefuata akifungua ukurasa akakuta sifuri anaogopa kuwa wa kwanza, akikuta watu wamechukua kilomita nzimanzima na yeye anapima kwa kipimo hicho hicho.

Kilomita za mwisho ni dhahabu. Kuanzia ya 35 zilikuwa zinagombaniwa, nikapandisha bei. Na zile mita 195 za mwishoni nikaziuza peke yake kwa mnada kazini. Stori yake inasaidia: kwenye Olimpiki ya London 1908 mbio zilianzia Windsor, kwenye kasri la mfalme, zikaishia uwanjani mbele ya jukwaa la kifalme, ndio ule umbali wa ajabu ukatokea, na mwaka 1921 ukafanywa kuwa rasmi. Kwahiyo nilimwambia bosi wangu anunue mita za mfalme. Akanunua, bosi gani atakataa.

Asiyeweza kilomita nzima auziwe nusu, robo, au mita 100. Usimfanye mtu aone aibu kwa kidogo chake. Mtoto wa jirani alininunulia mita 10 na alizifuatilia kuliko mtu yeyote.

Uliza kazini kama wanaongezea, kuna makampuni yanatoa sawasawa na kilichochangwa na wafanyakazi. Na uliza shirika kama sheria za kodi za unapoishi zinaongeza kitu, mfano Uingereza kuna utaratibu unaitwa Gift Aid, mlipa kodi akitoa pauni moja shirika linapata na penny 25 za serikali juu yake, mtoaji anatakiwa tu akubali kwenye fomu. Hela ya bure hiyo watu wanaiacha.

Mchango upitie kwenye ukurasa rasmi wa shirika au unaotambuliwa nao. Anayekupa mkononi muandike hapo hapo mbele yake, jina, kiasi, tarehe, halafu ipeleke wiki hiyo hiyo. Usikae nayo.

Kila wiki mbili weka taarifa, ila isiwe "bado nahitaji", iwe kitu kimetokea, nimekimbia 24 leo nikanyeshewa, kucha imekuwa nyeusi, picha ya kucha. Picha ya kucha ilileta michango minne. Watu ni wa ajabu.

Hatua ya 4: Miguu

Ukiwa na tatizo la moyo, presha, kisukari, au una miaka mingi hujafanya mazoezi, muone daktari kwanza.

Jipe wiki 16 hadi 20, na uzianze ukiwa tayari unaweza kukimbia nusu saa bila kusimama. Huwezi, ongeza miezi miwili mbele ya kutembea na kukimbia kwa zamu. Siku nne kwa wiki zinatosha, tatu fupi na moja ndefu. Ile ndefu anza na kilomita 10 au 12, ongeza moja au mbili kila wiki, na kila wiki ya nne rudi nyuma upumzike kidogo, mpaka ufike 30 au 32 wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Hukimbii 42 kwenye mazoezi, usijaribu, utaiacha marathoni yako njiani hata namba hujapewa.

Spidi ya siku ndefu ni ile unayoweza kuongea sentensi nzima. Ukianza kujibu kwa neno moja moja punguza. Hii ndio sheria inayovunjwa kuliko zote, mimi wiki ya tano niliona napaa, nikaongeza spidi na umbali kwa pamoja, nikaamka na maumivu ya ugoko yaliyonilaza siku 12. Maumivu ya misuli pande zote mbili yanayopungua ukianza kukimbia ni uchovu wa kawaida. Ila ukiwa na sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, na inazidi kila unapokimbia, simama uonwe. Ukiwa na homa pia kaa nyumbani.

Raba zibadilishe zikifika kilomita 500 hadi 800 hivi, na za siku ya mbio ziwe zimeshatembea angalau siku mbili tatu ndefu.

Kula ukiwa unakimbia ni mazoezi kama mazoezi mengine. Mwili una akiba ya wanga ambayo kwa wengi inaelekea ukingoni kwenye kilomita ya 30 na kitu, ndio pale miguu inageuka magogo. Kinachokubalika ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, iwe jeli ya sukari ya wakimbiaji, ndizi au kinywaji, kuanzia mapema kabla hujasikia njaa. Fanya hivyo kwenye kila siku ndefu tumbo lizoee. Maji kunywa kwa kiu, usijilazimishe kila meza ya maji unayopita, maji yakizidi sana yanashusha chumvi kwenye damu na hiyo inaua. Na dawa za maumivu kama ibuprofen usimeze kabla ya kukimbia, figo zako hazitakushukuru.

Pitia pia yale yasiyosemwa mezani: mafuta ya mgando kwapani, mapajani, na wanaume kwenye chuchu, la sivyo fulana nyeupe ya shirika itaishia na mistari miwili ya damu na picha hiyo ndio itakayosambaa.

Wiki tatu za mwisho unapunguza kilomita. Utajiona mvivu, kila kiungo kitauma kwa kujishtukia. Usifidie.

Kuhusu kukimbia na mbwa mwenyewe

Nimeulizwa sana. Hapana, mbwa hakimbii na wewe, mashindano mengi hayaruhusu mbwa na 42 ni nyingi kwake. Iliyowezekana ni hii: Machi 2019 Thomas Panek, asiyeona, alimaliza nusu marathoni ya New York akiongozwa na mbwa watatu waliopokezana, Westley, Waffle na Gus. Nusu marathoni, mbwa watatu, na walifundishwa hasa kwa kukimbia.

Wakimbiaji wengi wasioona wanaongozwa na mtu, wanashika kamba fupi wote wawili na muongozaji anaongea njia nzima, tuta, kona kushoto, maji kulia. Na usidhani siku zote asiyeona ndiye anayevutwa, Henry Wanyoike wa Kenya kwenye Paralimpiki ya Sydney 2000 alichukua dhahabu ya mita 5000 huku yeye ndiye akimburuta muongozaji wake aliyekuwa anaumwa.

Na vazi la mbwa la manyoya, ndio linaleta michango, ila kama unalitaka lijaribu kwanza kilomita 15 juani. Mimi nilijaribu 4. Nilibaki na masikio tu.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Usiku wake bandika namba kwenye fulana, andika majina. Mimi niliandika kwa kalamu isiyofutika mkono wa kushoto kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, 1 hadi 42, herufi ndogo ndogo, ikaonekana kama nimepigiwa chapa bandarini. Fika mapema, foleni ya choo ni ndefu. Usile kipya. Usivae kipya.

Anza polepole mpaka ujione mjinga. Ukitaka kumaliza kwa muda wa saa nne na nusu ni dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita, basi kumi za kwanza usikimbie haraka kuliko hapo hata kama bibi mwenye mwavuli anakupita. Mimi alinipita kweli. Nilimkuta kilomita ya 29 amekaa anavua kiatu, akanipungia mkono.

Mpaka 28 nilikuwa nasoma majina nacheka. Kuanzia 31 sikucheka. Kutembea kunaruhusiwa, tembea kwenye meza za maji, hakuna aliyenunua kilomita akaandika masharti ya spidi. Ila maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuchanganyikiwa, hapo unakaa pembeni unaita msaada, kilomita za watu zitasubiri mwaka mwingine.

Hatua ya 6: Usifunge daftari

Ukurasa uache wazi wiki tatu nne, wengi wanatoa baada ya kuona medali, hasa wale wa vidole gumba. Peleka kila kilichobaki, omba risiti ya jumla, iweke mahali watu waione.

Halafu mwandikie kila mnunuzi kuhusu kilomita yake. Sio asante ya jumla, kilomita yake. Mimi ilinichukua jioni mbili nikiwa nimeweka miguu kwenye beseni. Mtoto wa jirani nilimwambia mita zake 10 zilikuwa kwenye daraja na kulikuwa na upepo. Mama mdogo nilimwandikia ukweli: "Ya 9 nimekimbia vizuri, nilimtaja baba mdogo kwa sauti, mtu wa pembeni akageuka. Ya 34 samahani, nusu yake nimetembea." Akajibu, "Nilijua. Mwaka kesho niwekee hiyo hiyo."